Gari la Nyuma Yako Ni Lako

Agosti mwaka jana tulimsindikiza Baba Mdogo kutoka Dodoma kwenda kumzika kijijini kwetu, mbele kidogo ya Ikungi, mkoani Singida. Tulikuwa na magari matano: pikapu iliyobeba jeneza, Koasta ya waombolezaji, na magari madogo matatu ya ndugu. Tuliondoka saa tano asubuhi, ibada ikiwa imepangwa kuanza saa tisa alasiri, na kwa safari isiyofika kilomita 250 katika barabara ya lami hakuna aliyedhani kwamba muda usingetutosha. Ilipofika saa tisa watu wote walikuwa wameketi chini ya turubai isipokuwa Shangazi, dada pekee wa marehemu aliyebaki hai. Saa hiyo ndiyo kwanza gari lake lilikuwa linatoka Manyoni kwa mara ya pili, baada ya kwenda hadi karibu na Itigi na kurudi.

Ninaandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naendesha gari la tatu, yaani gari lililokuwa mbele ya lile la Shangazi. Tangu siku hiyo nimeyafikiria sana mawasiliano baina ya magari yanayosafiri pamoja, na nimefikia msimamo ambao nimekuwa nikiueleza kwa ndugu na majirani wanaojiandaa kwa safari za harusi, misiba na likizo za mwisho wa mwaka: simu si mwanzo wa mawasiliano ya msafara. Mwanzo wake ni makubaliano kwamba kila dereva analilinda gari lililo nyuma yake, na kwamba akiacha kuliona, kazi ya kusubiri ni yake.

Usiku ule wa kuamkia safari, mtu mmoja aliuliza kwenye kikao cha familia tutakwendaje, na jibu lililotolewa lilikuwa neno moja ambalo naamini limetumika katika kila kikao cha namna ile: "Tutafuatana." Wote tuliridhika, na leo naona kwamba kosa lilikuwa ndani ya neno hilo. Kufuatana ni kazi ya aliye nyuma. Tukisema tutafuatana tunampa wa mbele uhuru wa kwenda mwendo wake, na tunamtwika wa nyuma jukumu la kuona, kukisia na kukimbiza, ingawa mara nyingi yeye ndiye mgeni wa njia. Shemeji yetu aliyemwendesha Shangazi anaishi Dar es Salaam na hakuwa amewahi kuvuka Bahi. Mimi ninayeifahamu barabara ile tangu nikiwa mtoto nilikuwa mbele yake, nikitazama Koasta iliyonitangulia, na sikumbuki kukitazama kioo cha nyuma kwa makini baada ya kupanda mlima wa Saranda.

Kilichotokea Manyoni ni kitu cha kawaida kabisa. Askari wa usalama barabarani alimsimamisha Shemeji, akakagua leseni, kizimamoto na pembetatu za kuakisi, akaona kila kitu kiko sawa, akamruhusu. Ukaguzi haukuzidi robo saa. Gari la tano lilipita wakati huo huo, na dereva wake akawaza kwamba wenzake wangemaliza na kumfikia. Shemeji alipoingia tena barabarani hakuona gari hata moja la kwetu, ila aliona Koasta nyeupe mbali mbele yake, akaishika kwa nguvu zote. Wanaopajua Manyoni wanajua kwamba hapo njia zinaachana, moja ikienda Singida na nyingine ikielekea Itigi hadi Tabora. Koasta ile haikuwa yetu, na ilikuwa inakwenda Tabora.

Binamu yetu aliyekuwa ndani ya gari lile alikuwa ametuma ujumbe akiwa bado Manyoni: "Tumesimamishwa na trafiki, tusubirini." Aliutuma kwenye kundi la WhatsApp la msiba, lenye watu zaidi ya mia moja, ambako siku hiyo zilikuwa zikimiminika salamu za pole, orodha za michango, na maswali ya watu wa mikoa mingine waliotaka kujua mazishi yatakuwa saa ngapi. Ujumbe wake ulizama humo kama punje ya ulezi iliyoangukia kwenye gunia la mtama. Hakuna dereva aliyeuona, na sidhani kwamba dereva yeyote alipaswa kuuona, kwa sababu dereva anayesoma kundi la watu mia moja akiwa barabarani amekwisha kuiacha kazi yake.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba tulikuwa tumejiona wajanja. Binamu huyo alikuwa amewasha ile huduma ya WhatsApp inayoonesha mahali mtu alipo moja kwa moja, ambayo humruhusu mtumiaji kuchagua dakika 15, saa moja au saa nane, naye alichagua saa nane. Tulipofika Ikungi na kukosa kuwaona tuliifungua ramani, tukaona alama yake imetulia Manyoni, tukasema, "Bado wako kwa trafiki, tutangulie." Ukweli ni kwamba simu yake ilikuwa imepoteza mtandao muda mfupi baada ya Manyoni, na ramani ilikuwa inatuonesha mahali alipoonekana mara ya mwisho. Huduma ile ina maandishi madogo yanayoeleza taarifa ilipokelewa lini, lakini nani husoma maandishi madogo akiwa na haraka ya mazishi? Tangu hapo nimejifunza kutoiamini alama iliyotulia mpaka nijue ina umri wa dakika ngapi.

Walitambua kosa walipokaribia Itigi, kilomita zipatazo 40 kutoka Manyoni, pale Shangazi mwenyewe alipouliza kwa nini hajaona bado vijiji anavyovijua. Walisimama wakamuuliza mzee mmoja aliyekuwa kando ya barabara na mbuzi wake, naye akawaelekeza warudi walikotoka. Ibada iliwasubiri kwa saa nzima na zaidi, watu wakiwa chini ya turubai, na jeneza lililokuwa limekwisha kufungwa wazee walilifungua tena kwa ajili yake. Hakumlaumu mtu. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilikuwa nakuona mgongoni, halafu sikukuona tena."

Sisi wa Dodoma na Singida tunakaa juu ya njia ya zamani kabisa ya misafara, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwa wageni wa jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara na wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikaikata nchi ya Ugogo huku ikilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori kavu lenye maji ya shida lililokuwa upande ule ule wa Itigi alikopotelea Shangazi yangu. Msafara wa mamia ya watu ulikuwa mrefu kiasi kwamba wa mwisho hawakuweza kumwona wa kwanza. Mbele alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akiwa na bendera na ngoma ya msafara ikisikika karibu naye, na alipofika njia panda aliifunga njia isiyofuatwa kwa kuweka tawi au kuchora mstari ardhini, ili anayekuja nyuma asiikosee. Kirangozi hakuwa na namna ya kusema na mtu wa mwisho, kwa hiyo aliacha neno lake palepale njia ilipogawanyika. Sisi tulikuwa na simu kumi na tano katika magari matano, na hakuna aliyeacha neno njia panda ya Manyoni.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea haihitaji kifaa chochote. Kila dereva analitazama gari la nyuma yake kwenye kioo. Akiona limechelewa, anapunguza mwendo. Likitoweka kabisa, anatafuta mahali salama nje ya barabara na kusimama, na kwa kuwa aliye mbele yake naye anamtazama, kupungua kwa mwendo kutapanda kutoka gari hadi gari mpaka kumfikia kiongozi bila mtu yeyote kupiga simu. Na katika kila njia panda ambako msafara unabadili barabara, hakuna anayeondoka mpaka aliye nyuma yake awe amemwona akikata kona. Kama ningeifuata kanuni hii siku ile, ningesimama Manyoni kwa robo saa, na hadithi hii isingekuwapo.

Wapo wanaonijibu kwamba kanuni hii inageuza safari kuwa ya kinyonga. Nimeijaribu tangu wakati ule katika safari ya kwenda Kondoa na nyingine ya kwenda Iringa kupitia Mtera, na sikuona hasara hiyo. Kiongozi akijua kwamba atalazimika kusubiri, huacha mwendo wa kuruka na kusimama, naye hupanga mwendo ambao gari dhaifu kuliko yote linaweza kuumudu. Katika barabara zetu, zenye vijiji kila baada ya muda na alama za kilomita 50 kwa saa ambako askari wenye tochi za kupimia mwendo wanasubiri, anayekimbia sana hufika mapema kidogo mno, na faini juu.

Kutazamana, hata hivyo, si kubanana. Nimeona misafara ya harusi ikipita Dodoma mjini na hata kutoka nje ya mji, magari kumi yakiwa yameshikana kama mabehewa, yote yamewasha taa za hazadi, na kila dereva akiogopa kuacha nafasi asije mgeni akaingia katikati. Hilo nalipinga kwa nguvu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa kila sekunde, kwa hiyo hata sekunde tatu za nafasi, ambazo ni mita 66 hivi, si anasa. Ni muda wa kuona, kushtuka na kukanyaga breki. Taa za hazadi zikiwaka wakati gari linatembea, katika magari mengi indikeita haifanyi tena kazi yake, na wa nyuma hajui kama unakata kona au unasimama. Tena basi au lori lenye haraka zake, likikuta magari matano yaliyobanana, linalazimika kuyapita yote kwa mkupuo mmoja, na anayekuja upande wa pili ndiye anayelipa. Acheni nafasi. Mgeni akiingia katikati, mwacheni apite. Kanuni ya kioo itawaunganisha tena.

Liko jambo jingine la ishara ambalo linanitia hofu zaidi. Madereva wa malori wana desturi ya kuwasha indikeita ya kushoto kumwambia aliye nyuma kwamba mbele kuko wazi, na ya kulia kumwonya asipite. Ni ukarimu wa kweli, na umewasaidia wengi. Lakini indikeita hiyo hiyo ya kulia inaweza kumaanisha kwamba lori lenyewe linataka kukata kulia, na ya kushoto kwamba linataka kusimama. Katika msafara desturi hii hugeuka kishawishi: wa kwanza analipita lori, anawasha taa, na wa pili anapita kwa macho ya mwenzake. Ombi langu kwa kila ninayesafiri naye ni kwamba asilipite gari lolote kwa neno la mtu mwingine, liwe neno la taa, la simu au la redio. Nafasi iliyokuwapo alipopita wa kwanza si lazima iwepo anapofika wa pili, na hakuna atakayemwacha akibaki nyuma ya lori, kwa sababu tumekwisha kukubaliana kumsubiri.

Tukishakubaliana hayo ndipo simu inapata nafasi yake, na nafasi hiyo ni kubwa. Katika kila gari tunamteua mtu mmoja ambaye si dereva, tunamwita mwenye simu. Yeye ndiye anayepiga, anayepokea na anayesoma. Macho yakiwa kwenye kioo cha simu kwa sekunde tano katika mwendo wa kilomita 80, gari limekwenda mita 111, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na dereva alikuwa kipofu muda wote huo. Wenye simu wana kundi lao dogo, watu watano kwa magari matano, na ndani yake haiingii salamu, picha wala dua, hata kama ni dua njema. Pia kila gari linabeba karatasi yenye majina na namba zote zilizoandikwa kwa kalamu, kwa sababu simu huzimika, na ni wachache leo wanaozikumbuka namba za ndugu zao kichwani.

Laini za kampuni mbili tofauti katika kila gari ni jambo jingine ninalolisisitiza, kwa kuwa mahali ambapo mnara wa kampuni moja hausikiki, wa nyingine huweza kusikika. Na intaneti inapokata, watu wengi hukata tamaa wakati bado wana njia ya zamani mkononi. Ujumbe mfupi wa kawaida unahitaji mawimbi kidogo sana, unapita hata pale ambapo maongezi yangekatikakatika, na kama simu ya anayetumiwa haipatikani, ujumbe huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni na kumfikia anaporudi hewani. Kitochi cha mzee kinachokaa na chaji siku tatu kinaweza kuwa chombo bora kuliko simu janja zote za vijana garini. Tunaandika kwa mfumo mmoja: gari, mahali, hali, saa. "Gari 4, Manyoni stendi, trafiki, saa 7:10." Ujumbe wa namna hiyo, hata ukifika kwa kuchelewa, unamweleza msomaji kila anachohitaji, tofauti na "tusubirini", ambayo haisemi nani, wapi, wala tangu lini.

Huulizwa mara kwa mara kuhusu redio za mkononi, zile ambazo wengi huziita redio koli, kwa kuwa watu wameziona kwenye magari ya watalii mbugani na wanavutiwa nazo. Ni chombo kizuri kweli. Redio haihitaji mnara wala bando, mtu mmoja akisema wote wanasikia kwa pamoja, na mkono wa msaidizi unabonyeza kitufe kimoja tu. Lakini mawimbi ya redio hizi husafiri zaidi kwa mstari ulionyooka. Katika uwanda wa Bahi, ambako macho yanafika mbali, magari yanaweza kusikizana kwa kilomita kadhaa. Likishaingia mlima katikati, kama pale Saranda au Nyang'oro katika njia ya Iringa, sauti inakufa ingawa magari yako karibu. Bati la gari lenyewe hupunguza nguvu ya redio iliyo ndani, ndiyo maana magari ya mbugani yana antena ndefu nje. Umbali mkubwa unaoandikwa kwenye boksi usiutegemee barabarani.

Zaidi ya hayo, masafa ya redio hapa nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na si kila redio inayouzwa dukani inaruhusiwa kutumiwa na kila mtu kwenye masafa yoyote. Baadhi ya redio za bei nafuu zinaweza kurusha sauti kwenye masafa waliyopewa watu wa kazi nyeti. Anayetaka kuzitumia aulize kwanza TCRA na apate kibali kinachohusika. Kwa familia inayosafiri mara mbili kwa mwaka, maoni yangu ni kwamba fedha hizo zitumike kwanza kununua tairi nzuri la akiba.

Vituo vya kukutana ndivyo vinavyobeba mzigo pale ambapo kila kitu kingine kimeshindikana. Tunavipanga kabla ya kuondoka, kwa majina, tukichagua mahali penye nafasi ya kuegesha magari yote nje ya lami: kituo cha mafuta, stendi, au pale Mtera ambapo watu husimama kununua samaki. Hatuviachi mbali sana. Saa moja ya mwendo kati ya kimoja na kingine inatosha. Kila mmoja anajua kwamba akipotea, akikosa mtandao, akiishiwa chaji, asianze kuzunguka kumtafuta mtu. Aende kituo kinachofuata kwenye orodha na akae hapo. Na sisi tuliofika tunasubiri nusu saa. Ikipita bila habari, gari moja tu linarudi nyuma, lile lenye dereva mzoefu na jeki nzuri, huku mengine yakibaki palepale. Kila gari likirudi kwa hiari yake, mtajikuta mnatafutana pande zote mbili za barabara.

Gari la mwisho nalo lisiwe la yule aliyechelewa kuamka. Katika desturi yetu ya sasa ndilo lenye dereva bora kuliko wote, lenye spana, pampu, kamba ya kuvutia, tochi na maji, kwa sababu kila linaloharibika mbele yake litakutwa naye. Likikuta mwenzake amesimama, wa kwanza kushuka anakwenda kuweka pembetatu mbali nyuma ya gari, na matawi pia kama yapo, kabla ya kuuliza kimeharibika nini. Na mtu akiumia, namba ya polisi ya dharura ni 112, na tunaipigia kabla ya kumpigia ndugu yeyote.

Mwezi ujao tunakwenda tena Ikungi, kulijengea kaburi la Baba Mdogo. Karatasi ya namba imeshaandikwa, vituo ni Bahi, Manyoni na Ikungi, na pale Manyoni gari la kwanza litasimama baada ya njia panda, upande wa Singida, mpaka la mwisho lionekane. Mimi nitaendesha la mwisho. Nilimpigia Shangazi juzi kumuuliza angependa kukaa gari lipi, nikidhani kwamba safari hii angetaka la mbele. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakaa na mimi, ila nikumbuke kwamba yeye ndiye atakayekuwa mwenye simu.